Kemo Inapofika Viganjani na Nyayoni

Desemba 2008, mzee wa miaka 62 kutoka Singapore alitua Marekani kwenda kuwaona jamaa zake. Maofisa wa uhamiaji wakamwambia aweke vidole kwenye mashine. Mashine haikusoma kitu. Wakamzuia kwa saa nne, mpaka waliporidhika kwamba hana hatari. Mzee huyo alikuwa akimeza kapesitabini, dawa ya kemo, kwa muda mrefu ili kuidhibiti saratani, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechunika hadi alama zikafutika. Daktari wake alieleza kisa hicho mwaka 2009 katika jarida la Annals of Oncology, akashauri wagonjwa wa namna hiyo wasafiri na barua ya daktari. Barua kama hiyo ina kazi Tanzania pia, ambako hata laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole.

Kufutika kwa alama ni sehemu tu ya tatizo ambalo wagonjwa wengi wa kemo hulijua kwa maumivu. Viganja na nyayo huanza kuchonyota, kisha huwaka kama vya mtu aliyekatakata pilipili. Ngozi huvimba, hukauka, hupasuka. Hali ikikomaa hutoka malengelenge na vidonda, na mtu hushindwa kufunga kifungo cha shati au kutembea hadi chooni. Hali hii si maambukizi, wala haimwambukizi mtu mwingine. Mgonjwa asitengewe vyombo.

Chanzo ni dawa zenyewe. Kapesitabini, ambayo hutumika sana kwa saratani ya matiti na ya utumbo mpana, hubadilishwa na vimeng'enya vya mwili kuwa dawa kali, na ngozi ya viganja ina kimojawapo cha vimeng'enya hivyo kwa wingi. Doksorubisini ya liposomu, inayotibu pia saratani ya Kaposi, hutoka na jasho, na viganja na nyayo vina tezi nyingi za jasho.

Hapa pana jambo linalostahili kusemwa kwa sauti. Maelezo mengi ya kitabibu humwambia mgonjwa aangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachotangulia ni weusi: mistari ya kiganja hukolea, madoa meusi hujitokeza kwenye nyayo, kucha hubadilika rangi, ngozi huwa nene. Mama aliyeambiwa asubiri wekundu atasubiri mpaka ngozi ichanike. Muuguzi naye asiishie kutazama. Aiguse mikono na aulize kama inauma.

Wapo wanaonyamaza makusudi, wakihofu kwamba wakisema, dawa itasimamishwa na saratani itapata nguvu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kunyamaza ndiko kunakogharimu. Maumivu yakianza kuzuia kazi, daktari husimamisha dawa mpaka ngozi itulie, kisha akihitaji hupunguza dozi. Huo ni utaratibu wa kawaida wa tiba hii. Anayeendelea kumeza kwa siri huishia na vidonda vinavyomlazimu kukaa bila dawa kwa muda mrefu zaidi.

Kinga ipo. Krimu yenye urea asilimia 10 hulainisha ngozi na hupunguza tatizo. Mwaka 2024 watafiti wa India walitoa matokeo ya wagonjwa 264 wa kapesitabini: kati ya waliopaka jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, asilimia 3.8 walipata hali ya kati au kali, dhidi ya asilimia 15 ya waliopaka jeli isiyo na dawa. Ni jeli, si vidonge vya diklofenaki, na daktari aulizwe kwanza. Vitamini B6, ambayo wengi huandikiwa, haikuonyesha faida ilipopimwa dhidi ya vidonge visivyo na dawa.

Msuguano na joto huchochea tatizo hili. Kwa hiyo kufua kwa mikono, kutwanga, kushika jembe na kuosha masufuria kwa maji ya moto ni kazi za kuachiwa wengine wa nyumbani kwa kipindi cha dawa. Viatu viwe vipana na laini. Hina huficha mabadiliko ya rangi ambayo daktari anahitaji kuyaona, na piko ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi iliyokwisha dhoofu. Arusi ikiangukia wakati wa dozi, mikono ipumzishwe.

Malengelenge yasipasuliwe. Kidonda kikiambatana na homa, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kemo hushusha chembe nyeupe za damu na bakteria hupenya haraka.