Tairi na Ardhi Linayoikanyaga

Mjomba wangu ni dereva wa gari la wagonjwa katika Mkoa wa Shinyanga. Gari hilo likikwama njiani, anayetaabika zaidi si dereva, bali ni mama mjamzito aliyelala nyuma. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu mambo niliyojifunza kwake.

Kwanza ni kuchagua. Matairi ni ya aina tatu. Tairi la lami lina meno madogo yaliyokaribiana. Hukimbia kimya, lakini likiingia topeni meno hujaa likawa kama kipara. Tairi la tope lina meno makubwa yaliyoachana, ili kila lizungukapo litupe tope nje; ila katika lami hupiga kelele na kuisha upesi. La tatu liko katikati ya hayo mawili, nalo lamfaa mtu ambaye safari zake nyingi ni za changarawe. Aina yoyote uchaguayo, soma nambari za ubavuni uhakikishe kwamba tairi lastahimili uzito wa gari.

Pili ni upepo. Tuchukue gari la kilo 2,400. Kila gurudumu labeba kilo 600, yaani ratili 1,320 hivi. Likijazwa ratili 35 kwa inchi ya mraba, tairi hugusa ardhi kwa inchi za mraba kama 38. Ukipunguza hadi 18, litagusa kama 73. Uzito ni ule ule, lakini umetandazwa mahali pakubwa. Ndiyo maana ngamia mwenye wayo mpana hupita mchangani kwa raha, na punda mwenye kwato ndogo hutaabika.

Kwa gari la namna hiyo, vipimo vya kuanzia ni hivi:

Lami: 35, au kama kibandiko cha mlangoni kisemavyo.
Changarawe yenye matuta: 28.
Mawe makali: 25, kwa mwendo wa polepole.
Udongo mweusi wa mbuga uliolowa: 22.
Mchanga wa korongo: 18.

Gari likipakia mizigo, ongeza kidogo.

Lakini angalieni! Tairi lenye upepo kidogo halitaki haraka. Kwa kipimo cha 18 usizidi kilomita 30 kwa saa, wala usikate kona ghafula, lisije likachomoka katika rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kukimbia. Tairi legevu hukunjwakunjwa, likapata moto, matabaka yake yakaachana, kisha likapasuka. Kwa hiyo asiye na pampu asitoe upepo.

Tena, pimeni asubuhi kabla ya safari, maana joto la mwendo huongeza kipimo. Kazi hii haizidi dakika tano, na kwa mgonjwa aliye mbali na hospitali, gari lisilokwama ni nusu ya dawa.