Kuunda Kompyuta Mpya Gihosha: Tuanzie Kwenye Umeme

Mwalimu anayetaka kuunda kompyuta yake ya mezani aghalabu huanza kuulizia prosesa, kwani ndiyo inayosifiwa madukani. Kwa sisi wakazi wa Gihosha, na wa Bujumbura kwa jumla, napendekeza tuanze na kifaa kisichosifiwa na mtu: pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe wa volti ndogo unaotumiwa na vipuri vingine. Mafundi wetu hapa mjini hukiita kwa Kifaransa, alimentation.

Umeme wa Burundi ni wa volti 220. Unapokatika na kurudi ghafla huweza kuja na msukumo mkubwa, na pawa saplai hafifu ikiungua huweza kuunguza ubao mama na diski pamoja nayo. Tena baadhi ya zile za zamani, ambazo bado zimo katika mitumba, zina swichi ndogo nyuma yenye alama mbili, 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, ukiichomeka hapa utasikia mlio mmoja tu, kisha harufu. Mimi niliusikia. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na tasnifu ya mwanafunzi niliyokuwa nikiisahihisha. Diski ilipona, ubao mama haukupona.

Kompyuta ya kuandikia, isiyo na kadi ya michoro, inatoshwa na wati 400 hivi. Chagua iliyotoka kiwanda kinachojulikana, yenye alama ya 80 Plus, badala ya ile nyepesi mkononi iliyobandikwa wati 600 kwa nusu ya bei. Kisha weka UPS. Hiyo si ya kuendelea na kazi gizani. Ni ya kukupa dakika chache za kuhifadhi maandishi na kuzima kwa utaratibu.

Jambo la pili ni upatanifu. Prosesa hukaa katika soketi ya ubao mama, na kila soketi ina prosesa zake: LGA 1700 hupokea Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14, AM4 na AM5 ni za AMD. RAM nayo ina aina. DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, hata ukisukuma, na AM5 hutumia DDR5 pekee. Haya yaandikwe kwenye karatasi kabla ya kumtuma mtu Dar es Salaam au Dubai, maana kipuri kisichofaa kikishafika huku, gharama ya kukirudisha huweza kuzidi bei yake.

Wanafunzi wetu wa mofolojia watafurahi kusikia kwamba prosesa pia zina viambishi tamati. Intel yenye herufi F mwishoni haina uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya michoro. Mnunuzi huiona nafuu, akaichukua, na kiwambo kikabaki cheusi.

Je, ubao mama wa mtumba? Nimewahi kuutumia na haukunitupa. Lakini Windows 10 iliacha kupokea huduma ya kawaida ya Microsoft Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, ambayo mbao nyingi za zamani hazina. Atakayeridhika na Linux na LibreOffice hana haja ya kuhofia hilo. Kwa RAM, GB 8 zinatosha kwa kazi zetu. Kwa diski, SSD ya GB 256 itaiwasha mashine upesi kuliko diski ya kuzunguka yenye nafasi mara nne.

Kibodi hainisumbui sana. Za hapa nyingi ni za azerty, nazo zimeiweka A mahali ambapo Waingereza wameiweka Q, herufi ambayo Kiswahili hakina kazi nayo. Kiapostrofi cha ng' kipo kwenye kitufe cha 4, bila kubonyeza kingine chochote.