Mama Naye Ana Kliniki: Matunzo Baada ya Uzazi Mgumu

Mama anapotoka wodini na mtoto mikononi, ndugu na majirani huona kwamba safari imekwisha. Kwa aliyejifungua kwa shida, safari ya kupona ndiyo kwanza inaanza. Uzazi mgumu ni ule ulioambatana na uchungu wa muda mrefu, upasuaji, kuchanika, kutokwa na damu nyingi au kifafa cha mimba. Madhara yake huweza kujitokeza siku kadhaa baada ya mama kurudi nyumbani, ndiyo maana uangalizi wa mzazi huendelea hadi siku ya 42.

Katika muda huo mama anapaswa kuchunguzwa ndani ya saa 24 za kwanza, siku ya 2 au ya 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Hudhurio la wiki ya 6 huchukuliwa na wengi kuwa la mtoto peke yake kwa kuwa ni siku ya chanjo. Mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, naye mama hurudi na maumivu yake bila kuyasema. Ni vyema amweleze mhudumu hali yake siku hiyo hiyo, ili apimwe shinikizo la damu na wingi wa damu, na kuangaliwa kidonda, matiti na mfuko wa uzazi.

Nyumbani, kidonda huhitaji usafi na ukavu. Kisipakwe dawa za mitishamba, majivu wala mafuta. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto hufanywa kwa upendo, lakini kwa aliyepasuliwa huweza kuunguza ngozi na kuudhuru mshono. Kwa wiki 6 asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake; ndoo ya maji na mzigo wa kuni vibebwe na wengine. Hata hivyo, asilale kutwa nzima, kwa kuwa kutembea taratibu husaidia damu kuzunguka vizuri miguuni.

Aliyepoteza damu nyingi anahitaji vyakula vya kuirejesha, kama maini, dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na machungwa au mapera. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa avimalize.

Zipo dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki: damu kutoka kwa wingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, kidonda kutoa usaha, kuumwa sana kichwa na kuona maluweluwe, degedege, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Familia ipige namba 115 bila malipo. Mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama huwahudumia wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga.

Mkojo au haja kubwa kuvuja bila kuzuilika ni dalili ya fistula, jeraha linalosababishwa zaidi na uchungu uliokaa muda mrefu. Si laana wala uchafu wa mama. Fistula ndogo ikigunduliwa ndani ya wiki 4 za kwanza huweza kufunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu. Iliyokaa muda mrefu hurekebishwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutoa matibabu hayo bila malipo.

Moyo nao hujeruhiwa. Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida. Huzuni ikizidi wiki 2, au mama akikosa usingizi hata mtoto alalapo, akirudiwa na ndoto za siku ya kujifungua au kuwaza kujidhuru, huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe kituoni, asikemewe.

Anayesahauliwa zaidi ni mama aliyefiwa na mtoto. Hana kadi ya chanjo ya kumrudisha kliniki, ilhali tumbo lake lina kidonda kilekile na matiti yake hujaa maziwa. Mahudhurio yote ni yake pia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumtembelea na kumsindikiza.

Mume ana nafasi yake: kumpa mkewe muda wa kupona, kuhudhuria naye kliniki na kupanga naye uzazi, ili miezi isiyopungua 24 ipite kabla ya mimba nyingine. Aliyepasuliwa ajifungulie tena mahali penye huduma ya upasuaji, naye aeleze historia yake tangu hudhurio la kwanza la ujauzito.