Kuongeza Tabo kwenye Injini Isiyo Nayo: Mipaka ya Hewa, Mafuta na Joto

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kinachotokea pale injini iliyoundwa kuvuta hewa yenyewe inapofungwa tabochaja, ambayo kwa kifupi itaitwa tabo. Hoja kuu ni kwamba tabo huhamisha ukomo wa injini. Kabla ya tabo, nguvu ya injini huzuiwa na uhaba wa hewa. Baada ya tabo, huzuiwa na joto na kanieneo ambavyo vyuma vyake vinaweza kuvistahimili. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mifano ya magari mawili ya petroli ya Marekani ya mwaka 1962 na injini mbili za dizeli za Toyota. Aidha, makala yanatofautisha matumizi mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kurejesha hewa iliyopotea kwa sababu ya mwinuko, na kuongeza hewa kupita kiwango ambacho injini ilikadiriwa.

1.0 Utangulizi

Injini ya mwako wa ndani, kwa upande mmoja, ni pampu ya hewa. Pistoni inaposhuka, nafasi ndani ya silinda huongezeka, na kanieneo la angahewa huisukuma hewa ya nje iingie. Kiasi cha oksijeni kilichoingia ndicho kinachoamua ni mafuta kiasi gani yanaweza kuungua kikamilifu. Kwa hiyo, injini ya namna hii haiwezi kupata hewa nyingi kuliko ile ambayo angahewa yenyewe inaweza kuisukuma ndani.

Tabo huondoa kikwazo hicho kwa kutumia nishati ya moshi unaotoka. Moshi huzungusha gurudumu la tabini. Mhimili uleule huzungusha gurudumu la kompresa upande wa pili, nayo kompresa huigandamiza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Wazo hili lilisajiliwa kwa hataza na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Ikumbukwe kwamba nishati hiyo haipatikani bure kabisa, kwa kuwa tabini huuzuia moshi kwa kiasi fulani na pistoni hulazimika kuusukuma kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, faida huwa kubwa kuliko gharama iwapo tabo imechaguliwa kulingana na injini.

2.0 Kanieneo Si Sawa na Wingi wa Hewa

Dhana inayopotosha watu wengi ni kwamba kanieneo likiongezeka kwa nusu, hewa nayo imeongezeka kwa nusu. Hewa inapogandamizwa hupata joto, na hewa ya moto hutanuka. Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, hewa ikiwa na nyuzi joto 30 za Selsiasi. Tabo ikizidisha kanieneo mara 1.5, na ufanisi wa kompresa ukiwa asilimia 70, hewa itatoka ikiwa na nyuzi 83 hivi. Tukigawanya kwa vipimo vya joto halisi, yaani Kelvini 303 kabla na 356 baada, wingi wa hewa unaoingia katika silinda huongezeka kwa asilimia 28 tu, wala si 50.

Hapo ndipo umuhimu wa kipoza hewa unapoonekana. Hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 50 kabla ya kuingia, ongezeko hufikia asilimia 40 hivi, iwapo kanieneo linalopotea ndani ya kipoza ni dogo. Faida ya pili ni kubwa zaidi kwa maisha ya injini: mzunguko mzima wa mgandamizo na mwako huanza kwenye joto la chini, na kila sehemu inayofuata hupata nafuu.

3.0 Injini ya Petroli: Mifano Miwili ya Mwaka 1962

Katika injini ya petroli, hatari kuu ni mchanganyiko wa hewa na mafuta kujiwasha wenyewe nje ya mpangilio wa plagi. Fundi huitambua hali hiyo kwa sauti, akasema injini inagonga. Kadiri uwiano wa mgandamizo unavyokuwa mkubwa na hewa inavyoingia ikiwa na joto, ndivyo hatari hiyo inavyoongezeka.

Mwaka 1962 kampuni ya General Motors iliuza magari mawili ya kawaida yenye tabo, na kila moja lilikabili tatizo hili kwa njia yake. Chevrolet Corvair Monza Spyder lilipunguziwa uwiano wa mgandamizo hadi 8 kwa 1. Oldsmobile Jetfire liliachiwa uwiano mkubwa wa 10.25 kwa 1, na badala yake likawekewa chombo cha maji yaliyochanganywa na methanoli, ambayo yalinyunyiziwa katika hewa inayoingia ili kuipoza. Kimahesabu, suluhisho la Jetfire lilikuwa zuri: injini ya lita 3.5 ilitoa nguvu za farasi 215. Kimatumizi, lilimtegemea mwenye gari kukumbuka kujaza chombo hicho. Kilipokuwa kitupu, valvu ya usalama ilizuia tabo isifanye kazi kikamilifu. Wamiliki wengi hawakukijaza, na magari mengi hatimaye yaling'olewa tabo. Jetfire lilitengenezwa hadi mwaka 1963 tu, ilhali Corvair yenye tabo iliendelea hadi mwaka 1966.

Funzo la mifano hii ni kwamba kinga iliyojengwa ndani ya umbo la injini hudumu kuliko kinga inayotegemea kumbukumbu ya mtumiaji. Funzo hilo lina uzito kwa yeyote anayetaka kuongeza tabo kwenye gari litakaloendeshwa na watu wengi tofauti.

4.0 Injini ya Dizeli: 1HZ na 1HD-T

Injini ya dizeli huvuta hewa tupu, hivyo hatari ya kugonga kwa namna ya petroli haipo. Kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba kila dizeli iko tayari kupokea tabo. Mfano wa injini mbili zilizotoka kiwanda kimoja unaonyesha kwamba dhana hiyo haitoshelezi.

Injini ya 1HZ, inayotumika sana katika magari ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 nchini Tanzania na kwingineko, ina silinda sita zenye kipenyo cha milimita 94 na mwendo wa pistoni wa milimita 100, yaani ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Haina tabo, na hutoa takriban kilowati 96. Injini ya 1HD-T ina vipimo hivyohivyo vya silinda, lakini ina tabo na hutoa takriban kilowati 120. Kama tabo ingekuwa nyongeza tu, injini hizi mbili zingelingana katika mambo mengine yote. Hazilingani. Katika 1HZ mafuta hunyunyiziwa kwenye chumba kidogo cha awali kilichomo katika kichwa cha silinda, na uwiano wa mgandamizo unazidi 22 kwa 1. Katika 1HD-T mafuta hunyunyiziwa moja kwa moja juu ya pistoni, na uwiano umeshushwa hadi 18.6 kwa 1.

Sababu ya kuushusha inaonekana kwa hesabu. Tukitumia kipeo cha 1.35, uwiano wa 22 huzalisha mwishoni mwa mgandamizo kanieneo la mara 65 hivi ya lile la angahewa. Hewa ikiingia tayari imezidishwa mara 1.5, kanieneo hilo hufika mara 97, hata kabla ya mafuta kuwaka. Kwa uwiano wa 18.6, tabo ileile hufikisha mara 78 hivi. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya usalama kwa gasketi, boliti za kichwa na beringi.

Suala la pili ni joto. Hewa ya ziada pekee haiongezi nguvu nyingi katika dizeli; nguvu huja pale pampu ya mafuta inapofunguliwa ili itoe zaidi. Hatua hiyo ndiyo inayobeba hatari. Gesi zinazoungua huzidi nyuzi 2,000, ilhali alumini halisi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni husalimika kwa sababu tu joto huondolewa haraka kupitia ringi, oili na maji. Katika injini yenye chumba cha awali, sehemu nyembamba za kichwa cha silinda zilizo kati ya chumba hicho na valvu hubeba mzigo mkubwa wa joto, na nyufa za sehemu hizo ni hitilafu inayojulikana katika 1HZ zilizoongezewa tabo na mafuta kupita kiasi.

5.0 Kurejesha na Kuongeza

Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, takriban mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Injini hiyo, iliyotoa nguvu za farasi 350 hivi katika nyanda za chini, ilitoa 230 kileleni bila tabo na 356 ilipofungwa tabo. Moss hakuidai injini zaidi ya ilichokuwa ikitoa chini. Aliirejeshea hewa iliyopotea.

Jambo hili lina maana ya moja kwa moja kwa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, una kanieneo la angahewa la kilopaskali 82 hivi, dhidi ya 101 za Dar es Salaam. Hewa ya Mbeya ikiwa na nyuzi 20, injini hupata asilimia 84 hivi ya hewa ambayo ingeipata pwani. Ikiwa pampu haina kirekebishi cha mwinuko, mafuta hubaki yaleyale. Matokeo yake ni moshi mweusi na joto kubwa katika bomba la moshi. Tabo inayozidisha kanieneo mara 1.23 tu, bila kipoza hewa na bila kugusa pampu, hurejesha hewa hadi asilimia 95 hivi. Kanieneo ndani ya silinda halizidi lile la pwani kwa kiwango cha kutisha, na joto la moshi hupungua. Kwa injini kama 1HZ, hili ni lengo linaloweza kutetewa kihandisi.

Hata hivyo, gari hilohilo likiteremka hadi pwani, chemchemi ya valvu ya kupunguzia moshi huendelea kuruhusu kiasi kilekile cha nyongeza juu ya hewa ya nje, na sasa hewa hiyo ya nje ni nzito. Kilichokuwa kurejesha kimegeuka kuwa kuongeza. Hivyo basi, ukomo wa tabo unapaswa kupangwa kwa kuzingatia sehemu ya chini kabisa ambayo gari litafika.

6.0 Mpangilio wa Kazi

Kutokana na maelezo hayo, maamuzi yanapaswa kutangulia spana. Kwanza, mgandamizo wa kila silinda upimwe, kwa kuwa tabo huharakisha kufa kwa injini iliyochoka. Pili, lengo litajwe: kurejesha au kuongeza. Tatu, kipimajoto cha moshi kifungwe kabla ya tabini, pamoja na kipimo cha kanieneo, kabla ya kugusa skrubu ya mafuta. Nne, njia ya oili ya kwenda na kurudi iwe safi na pana, kwani mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili. Tano, dereva afundishwe kuiacha injini ingurume polepole kwa muda baada ya kupanda mlima, kabla ya kuizima.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la msingi si kama tabo inaweza kufungwa kwenye injini isiyo nayo, kwa kuwa kufunga ni jambo la mabomba na boliti. Swali ni nani atabeba joto na kanieneo vitakavyofuata. Kiwanda kililijibu kwa kubadili chumba cha mwako na uwiano wa mgandamizo. Fundi asiyeweza kubadili hayo amebakiwa na njia moja ya kuilinda injini, nayo ni kiasi: kanieneo dogo, hewa iliyopozwa, na mafuta yanayoongozwa na kipimajoto. Kwa gari linalobeba wagonjwa kutoka zahanati ya mlimani hadi hospitali ya mkoa, injini inayopanda polepole lakini inafika ina thamani kuliko ile inayopanda kwa kasi mpaka siku kichwa chake kinapopasuka njiani.