Salio Likisoma Hasi: Ovadrafti katika Ukanda wa Pamba na Dhahabu

Ovadrafti ni ruhusa ambayo benki humpa mteja atoe au alipe fedha kupita kiasi kilichomo kwenye akaunti yake, mpaka kikomo walichokubaliana. Salio husoma hasi, na kila shilingi inayoingia baadaye huanza kwa kulipunguza deni hilo. Utaratibu huu una umri. Mwaka 1728 Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara wa Edinburgh, William Hogg, kutoa hadi pauni 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo, kwa kuwa malipo aliyoyategemea yalichelewa ilhali yeye mwenyewe alitakiwa kulipa. Shida ni ileile leo: fedha iko njiani, na anayedai hasubiri.

Nchini Tanzania ruhusa hiyo kwa kawaida huambatana na akaunti ya hundi, ambayo hutumiwa zaidi na wafanyabiashara na makampuni. Mwenye akaunti ya akiba akiomba ATM fedha asizokuwa nazo, mashine humkatalia na mambo huishia hapo. Marekani mambo yalikwenda vingine: benki zilipitisha malipo ya kadi hata salio likiwa limekwisha, kisha zikatoza ada kwa kila muamala, mpaka mwaka 2010 zilipolazimishwa kupata kwanza ridhaa ya mteja kwa miamala ya ATM na manunuzi ya kawaida ya kadi.

Riba ya ovadrafti huhesabiwa kwa siku, tena kwa kiasi kilichotumika tu. Chukua mfano wa kikomo cha shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Mfanyabiashara akitumia milioni 20 kwa siku 10 tu, riba yake haifiki shilingi 99,000. Akikaa na milioni hizo kwa siku 90, riba inakaribia 888,000. Juu yake kuna ada ya kuandaa mkataba, ada ya kuuhuisha kila unapokwisha, na adhabu ya kuvuka kikomo. Benki huomba dhamana, aghalabu nyumba au kiwanja chenye hati, na mikataba mingi huipa haki ya kudai deni lote wakati wowote. Akaunti inayopanda na kushuka humridhisha afisa mikopo. Ile iliyoganda kwenye hasi miezi sita humwambia kwamba fedha iliyotarajiwa haikuwepo tangu mwanzo, na kwamba huo ulikuwa mkopo wa muda mrefu uliochukuliwa kwa mlango usio wake.

Pamba ya Shinyanga huonyesha vizuri mahali ovadrafti inapofaa, na pia mahali inapokwama. Msimu wa kununua huanza takriban mwezi Mei. Mnunuzi anatakiwa kulipia pamba mbegu ndani ya miezi michache, lakini hapati fedha mpaka kiwanda kichambue na nyuzi ziuzwe. Pengo hilo linajulikana linapoanza na linapofika mwisho. Hata hivyo, msimu wa 2019 bei elekezi ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo huku bei ya dunia ikiporomoka, benki zilisita kuwakopesha wanunuzi, na wakulima waliokwisha kupeleka pamba yao kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) wakasubiri malipo kwa miezi. Benki inakopesha mauzo yanayotarajiwa. Mauzo yakitiliwa shaka, mfereji hukauka, hata kwa mteja wa miaka mingi.

Dhahabu ni habari nyingine. Mnunuzi mwenye leseni katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hununua na kuuza kwa haraka, hivyo ovadrafti ya siku chache inamfaa. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu hana uhakika huo. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hajui kama mwamba utajibu mwezi huu, mwaka huu, au hautajibu kabisa, na dizeli, chakula cha vijana na gharama za karasha, mashine ya kusaga mawe, havingoji. Ndiyo maana kwa miaka mingi wachimbaji wametegemea wafadhili wanaotanguliza mahitaji na kulipwa kwa mgawo wa mawe. Mgawo huo ni ghali, lakini una jambo ambalo benki haina: duara likitoka kapa, mfadhili naye anapoteza. Ovadrafti haisikii habari za duara. Kwa mchimbaji anayefukuzia mwamba, inageuza bahati mbaya kuwa deni.

Walio wengi, hata hivyo, wanakutana na kukopa kupita salio kwenye simu. Safaricom ilianzisha Fuliza nchini Kenya Januari 2019, na Vodacom Tanzania inayo Songesha kwenye M-Pesa. Mtu anatuma au analipa, salio halitoshi, huduma inajazia. Fedha inayofuata kuingia hukatwa kabla mwenyewe hajaigusa, kwa hiyo anayetumiwa ada ya shule ya mtoto anaweza kukuta imepungua. Kiasi ni kidogo, gharama si ndogo. Kama ada ingekuwa shilingi 100 kwa siku kwa deni la 10,000, siku 3 zingegharimu 300. Siku 30 zingegharimu 3,000, karibu theluthi ya deni lenyewe.

Kinga iliyo rahisi ni ujumbe wa salio kwenye simu na kupanga tarehe za makato. Makato ya mkopo au bima yakipangwa siku mbili tatu baada ya mshahara, akaunti haiviziwi. Benki nyingine hukubali kuunganisha akaunti ya hundi na ya akiba ili upungufu ufidiwe na fedha ya mteja mwenyewe, na hapo riba ya mkopo hakuna. Mwenye biashara hutenga akaunti ya mishahara na kodi, isichanganyike na ya mzunguko. Hundi ndiyo ya kuangaliwa zaidi: ikirudi kwa kukosa fedha, mwandikaji hutozwa, na aliyelipwa hupoteza imani naye papo hapo.

Aliyekwisha kuzama hufanya vyema kwenda benki kabla ya kuitwa na kuomba deni ligeuzwe mkopo wa marejesho ya kila mwezi. Njia mbaya ni kuziba hasi kwa mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, iitwayo kausha damu, au ya programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya kukopesha kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mteja anayeona amekatwa isivyo halali huanza kwa kulalamika kwa maandishi kwenye benki yake. Asiporidhika na jibu, hupeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina tawi Mwanza.