Stata Iliyofichwa Bondeni: Namna ya Kuitoa katika Land Cruiser ya Zamani

Katika injini ya petroli ya 2UZ-FE, ambayo ina silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V na ujazo wa lita 4.7, na ambayo Toyota iliifunga katika baadhi ya magari ya Land Cruiser ya mfululizo wa 100 yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2007, stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake, haikuwekwa ubavuni ambako fundi angeifikia kwa kulala chini ya gari. Imelazwa katika bonde lililo baina ya safu mbili za silinda, na juu yake pamefungwa manifoldi ya kuingizia hewa, yaani mkusanyiko wa mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda, pamoja na mabomba ya petroli na injekta zote nane. Ndugu yake ya dizeli, injini ya 1HZ yenye silinda sita na lita 4.2, ina stata ubavuni mwa bloku, na ndiyo maana fundi aliyezoea Land Cruiser za dizeli hushangaa anapofungua boneti ya gari hili asiione stata popote.

Kwa mkazi wa Tabora jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mji huu uko mbali na spea na msaada. Stata ya umeme ilianza kufungwa kiwandani katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kutokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na mwaka huohuo reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora. Kabla ya hapo mizigo ya njia ya misafara ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa mwendo wa takribani miezi mitatu kutoka pwani. Njia hiyo, ambayo kutoka Tabora iliendelea magharibi hadi Ujiji, leo hufuatwa kwa kiasi kikubwa na reli na barabara zinazopitia Urambo, Kaliua na Uvinza, na bado hupita katika misitu ya miombo ambamo gari likizimika, msaada hauko karibu. Spea isiyopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam, umbali wa takribani kilometa 840 kwa reli, na kila siku ya kuisubiri ni siku ambayo injini iko wazi na vumbi linaingia.

Tena gari hili haliokolewi kwa kusukumwa. Land Cruiser nyingi zenye injini hii zina giaboksi otomatiki, na ndani ya giaboksi ya namna hiyo pampu ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe. Injini isipozunguka, hakuna shinikizo la mafuta, klachi za ndani hazishiki, na magurudumu hata yakizungushwa na watu ishirini hayawezi kuifikishia injini nguvu hiyo. Basi stata ikifa, gari limekufa nayo.

Ni vema kueleza sehemu ambayo mara nyingi ndiyo huharibika, kwa kuwa si mota yote. Juu ya mota kuna solenoidi, ambayo ni koili ya waya inayogeuka sumaku inapopitishwa umeme mdogo kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Sumaku hiyo huivuta plunja, yaani kijiti cha chuma kinachoteleza ndani ya koili, na plunja hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huisukuma gia ndogo ishikane na meno ya gurudumu la injini, na huibana sahani ya shaba dhidi ya kontakti mbili za shaba ili umeme mkubwa wa betri, ambao huweza kupita ampea mia moja, uingie katika mota. Kila mara sahani inapogusa na kuachia, cheche huruka na kuila shaba kidogo. Ukizitazama kontakti za stata iliyotumika miaka mingi utaona kuwa moja, kwa kawaida ile inayopokea umeme wa betri, imelika kama hatua ya ngazi upande mmoja huku ikiwa na rangi nyeusi ya kuungua, wakati mwenzake bado ni nene. Siku inapofika ambapo sahani haifiki tena kwenye shaba iliyolika, dereva hugeuza ufunguo akasikia mlio mmoja mzito, na injini haizunguki. Akijaribu tena na tena, pengine mara ya sita inawaka, kwa sababu sahani imezunguka kidogo na kugusa mahali pengine.

Mlio huo ni shahidi muhimu, lakini hautoshi kuihukumu stata, na hapa ndipo kosa kubwa la gharama hufanyika: manifoldi hufunguliwa, stata hutolewa, kisha hugundulika kuwa tatizo lilikuwa betri. Betri yenye afya iliyopumzika hupima volti 12.6 hivi, na wakati wa kuzungusha injini haipasi kushuka chini ya volti 9.6. Ikiwa mlio ni wa mfululizo wa haraka na taa zinafifia sana, betri au vichwa vyake vilivyooza vishukiwe kwanza. Ikiwa mlio ni mmoja, na taa zinabaki na mwanga uleule, umeme mkubwa hauingii katika mota, na kontakti zilizolika ndizo mshukiwa wa kwanza. Ikiwa hakuna mlio wowote, uchunguzi uanzie kwenye fyuzi, relei ya stata na swichi inayozuia injini kuwashwa gia isipokuwa katika P au N, ambavyo vyote hufikiwa bila kugusa manifoldi. Waya wa hasi unaounganisha betri na injini nao upimwe: mita ikiwekwa kati ya kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini wakati ufunguo unageuzwa, ikionyesha zaidi ya nusu volti, kasoro iko katika waya huo.

Stata ikishathibitika, kazi ianze injini ikiwa imepoa kabisa na waya wa hasi wa betri ukiwa umefunguliwa. Mabomba ya petroli hubaki na shinikizo hata gari likiwa limezimwa. Katika gari lililo zima, fundi hulipunguza shinikizo hilo kwa kuikata pampu ya petroli na kuiacha injini iunguruke mpaka izimike, lakini hapa injini haiwaki, kwa hiyo kiungio cha bomba hulegezwa polepole sana kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa, mbali na moto na sigara. Kabla ya hapo bonde lote lipulizwe kwa kompresa, maana mchanga wa Tabora wakati wa kiangazi hukaa katika kila pembe, na boliti ya kwanza ikifunguliwa bila kupuliza, mchanga huo utakuwa na njia ya kuingia kwenye silinda. Gereji nyingi za mji huu ziko chini ya miembe, ambayo ni kivuli kizuri na sehemu ya historia ya njia ya misafara, lakini mwembe unaodondosha maua na majani si paa linalofaa kwa injini iliyo wazi. Turubai lifungwe juu.

Bomba kuu la hewa, mipira ya maji na ya hewa, na plagi za waya hutolewa kimoja kimoja na kuwekewa alama, na picha za simu zipigwe katika kila hatua. Manifoldi hunyanyuliwa pamoja na injekta zake. Mara tu inapotoka, matundu manane ya hewa yazibwe kwa vitambaa safi, kwa kuwa nati moja ikidondoka humo inaweza kulazimisha kichwa cha injini kufunguliwa. Si ajabu kukuta bondeni kiota cha panya, nyasi na waya zilizotafunwa. Humo pia zimo sensa mbili zinazosikiliza mgongano wa mwako, na waya zake, zikiwa zimekauka kwa joto la miaka ishirini, hukatika zikiguswa kwa pupa. Stata yenyewe imeshikwa na boliti mbili tu upande wa giaboksi, na hufunguliwa kwa soketi yenye ekstensheni ndefu. Waya mkubwa wa betri na plagi ndogo ya solenoidi huondolewa stata ikishalegea.

Stata ikiwa nje, ibanwe kwenye jiriwa kabla ya kupimwa kwa betri, maana huruka kwa nguvu inapoanza kuzunguka. Kontakti zote mbili na plunja zibadilishwe kwa pamoja hata kama moja inaonekana nzima, brashi za kaboni zipimwe urefu, na gia ndogo ikaguliwe meno. Kuzisugua kontakti kwa msasa na kuzirudisha ni kuahirisha tatizo, kwa kuwa msasa unazidi kuipunguza shaba ambayo upungufu wake ndio ulioleta ugonjwa. Manifoldi irudishwe kwa gasketi mpya, boliti zikazwe kwa hatua kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango cha kitabu cha mtengenezaji, na injini ikiwashwa mara ya kwanza, viungio vya petroli vikaguliwe mara moja kama vinavuja.

Mwenye gari aagize kontakti, plunja, gasketi na mipira ya maji kwanza, avione vimefika Tabora mkononi mwake, ndipo amruhusu fundi afungue boliti ya kwanza.