"Pukka": Kivumishi cha Kiingereza Kilichoivia Uhindi

Kati ya vivumishi ambavyo Kiingereza kilivichukua Uhindi enzi za ukoloni, "pukka" humtatiza Mbengali kwa namna ya pekee, kwani hukutana nacho kama mgeni ilhali ni ndugu wa neno alilolitamka tangu utotoni. Katika Kiingereza cha leo humaanisha halisi, cha kuaminika au bora, na tangu mwaka 1999 kilivuma Uingereza kama sifa ya chakula kitamu, kwa kuwa mpishi Jamie Oliver hakuchoka kukitamka kwenye televisheni.

Asili yake ni "pakka" la Kihindi, lililotokana na "pakva" la Kisanskriti, yaani kilichopikwa au kilichoiva, na neno hilo la Kisanskriti ndilo lililozaa "paka" la Kibengali (ambalo halina undugu wowote na mnyama wa Waswahili). Embe bivu huitwa hivyo, na hata mvi, kwa Mbengali, ni nywele zilizoiva.

Jinsi ubivu ulivyogeuka kuwa uimara huonekana wazi zaidi tanurini kuliko jikoni. Delta ya Bengal ni nchi ya matope ambako mawe ni adimu, hivyo aliyetaka nyumba ya kudumu ilimbidi afyatue udongo na kuuchoma. Tofali lililokaushwa juani tu huitwa "kancha", yaani bichi, na lililopita motoni huwa "paka". Sifa hiyo huenea hadi kwenye barabara iliyosakafiwa, rangi isiyochujuka na mapatano ya ndoa yaliyokwisha kufungwa.

Waingereza waliupokea mgawanyo huo mzimamzima. Kamusi ya Hobson-Jobson ya Henry Yule na A. C. Burnell, iliyotoka mwaka 1886, inaeleza kwamba cheo cha kudumu kilikuwa "pukka" na cha kukaimu "kutcha", yaani kibichi, na kwamba homa nazo zilipangwa vivyo hivyo, ile ya hatari ikipewa neno la kwanza. Baadaye Kiingereza cha kawaida kililiacha "kutcha" Uhindi, kikabaki na sifa njema tu, ingawa George Orwell, katika riwaya yake *Burmese Days* ya mwaka 1934, aliitumia kwa kejeli kumhusu bwana mkubwa wa kikoloni.

Kibengali hakikubagua namna hiyo: mwizi aliyekubuhu huitwa "paka", na mtoto anayewajibu wakubwa kana kwamba ni rika lake huambiwa neno hilohilo, naye hujua kuwa anakaripiwa.